Uvundo wa Pipa Kubwa

Idah aliisikia harufu kabla hajashuka kwenye pikipiki. Mwenye boda boda naye aliisikia. Alikunja pua, akapokea pesa yake bila kuihesabu na kugeuza pikipiki haraka.

"Mathe, hapo kwenu kuna kitu kimekufa," alisema, akaondoka, na vumbi la Ngoliba likamfuata hadi kwenye kona.

Idah alikuwa anatoka Mwiki, alikokuwa akimuuguza dada yake Wanja aliyejifungua kwa upasuaji. Alikuwa na mkoba begani na mfuko wa ndizi mkononi, na njiani alikuwa na hamu ya kuvua viatu tu akae kwenye kivuli. Sasa alisimama langoni na kuvuta pumzi kidogo kidogo. Kwanza alifikiria ng'ombe. Lakini ng'ombe alikuwa zizini anatafuna, mzima kabisa.

Alizunguka nyuma ya zizi. Hapo udongo ulikuwa umelowa, na juu yake kulikuwa na uji mzito wa kijivu uliomwagwa na kuachwa. Aliona maharagwe yaliyovimba hadi yakapasuka, maganda ya viazi, vipande vya chapati vilivyogeuka ute, na mafuta ya nyama yaliyokuwa na ukoko wa kijani. Uji wenyewe ulikuwa unatembea. Funza walikuwa wengi kiasi kwamba walifanya sauti ndogo, kama mvua nyepesi kwenye majani, na kuku wake walikuwa katikati yao wanadonoa kwa furaha. Idah aliziba mdomo kwa kitambaa cha kichwani.

"Umefika, Mama Jackie!" Gerishon mumewe alitokea mlangoni mwa stoo akijifuta mikono kwenye suruali. Alikuwa na tabasamu pana mno. "Wanja anaendeleaje? Na mtoto?"

"Hiyo ni nini?"

"Ipi?"

"Hiyo kuku wanakula."

"Ah, hiyo." Gerishon alitazama kana kwamba ndiyo mara ya kwanza kuiona. "Ni chakula ya nguruwe ya Mwas. Nilikuwa nifukie, nikashikika na kazi."

Mwas alikuwa binamu yake, mfugaji wa nguruwe upande wa pili wa barabara. Alizunguka hoteli za Thika akikusanya mabaki, na kila mtu Ngoliba alijua amepita kwa upepo aliouacha nyuma.

"Chakula ya nguruwe ya Mwas inafanya nini kwangu?"

"Drum yake ya plastiki ilipasuka, akakosa pa kuweka. Ningemwambia nini? Ni damu yangu. Nikamsaidia na pipa siku chache."

"Pipa gani?"

Gerishon alijikuna shingo. "Si ni siku chache tu."

"Pipa gani, Baba Jackie?"

"Kubwa," alisema.

* * *

Katika boma hilo mapipa yalikuwa mawili, yote ya mbao, yamefungwa kwa pete za chuma. Baba yake Gerishon alikuwa ameyapata kwenye shamba la mzungu alikofanya kazi karibu na Thika, na ndani yake akaanza kutengeneza muratina kwa ajili ya ruracio, sherehe za kupeleka mahari. Alipokufa, Gerishon alishika kazi hiyo. Hakuuza kwa vikombe kama wauzaji wa vichochoroni. Watu walikuja na ruhusa ya chifu na jina la ukoo wanaoenda kuposa, wakasema siku, na siku hiyo walikuta pombe ya asali iliyoiva vizuri. Walikuja kutoka Thika, Ruiru na hata ng'ambo ya mto.

Idah hakuwa ameionja hata siku moja, na harufu yake hakuipenda. Lakini kuosha aliosha yeye. Gerishon alijua kupika, hakujua kuosha. Pombe ikishatoka tu, Idah alisuuza pipa kwa maji baridi kabla ukoko haujakauka. Halafu aliingiza maji yanayochemka yenye magadi, akasugua kwa brashi ya makonge akiwa ameinama hadi mabega yamo ndani, akasuuza tena na tena. Sabuni hakutumia. Mbao hunywa, na kile zinachokunywa leo hukitapika kwenye pombe ya kesho. Mwisho alichoma utambi wa salfa ndani na kufunika mpaka moshi ushike kila ufa. Jua la Ngoliba nalo hukausha mbao hadi ziachane, kwa hivyo pipa lililosubiri kazi alilitunza kivulini na maji safi kidogo chini, ambayo aliyabadilisha mara kwa mara. Maji yenyewe aliyanunua kwa mtungi, akiwa kwenye laini na wanawake waliotaka ya kunywa.

Kazi hiyo ilikuwa imemgharimu kitu kikubwa kuliko maji. Kanisani ni yeye aliyekuwa akiosha vikombe vya meza ya Bwana. Hakuna aliyemlipa wala kumshukuru, lakini Jumamosi alasiri, akiwa peke yake ndani ya jengo tupu na beseni ya maji ya uvuguvugu, alijisikia mtu. Kisha mzee Kinuthia, mzee wa kanisa mwenye duka la hardware Ruiru na shamba kubwa Ngoliba, akasimama mbele ya watu na kusema kwamba mikono inayoosha vyombo vya pombe haiwezi kushika vikombe vitakatifu. Hakumtaja jina. Hakukuwa na haja. Akina mama walimgeukia Idah safu kwa safu, na aliyekuwa ameketi karibu naye akavuta sketi yake pembeni.

Mwaka haujaisha, Kinuthia huyo huyo alikuja kwa Gerishon akiwa ameacha gari mbali. Mwanawe Eddie alikuwa anamwoa Nyokabi wa Thika, na wazee wa upande wa msichana walikuwa wamesema waziwazi: bila muratina halisi hawatafungua mdomo. "Mnajua mimi mambo haya situmii," alisema, bila kuketi. "Ni mila tu." Alipokuwa anatoka alimgeukia Idah. "Na ile maneno ya vikombe, mama, tutaiangalia. Mambo ikienda vizuri."

Ruracio hiyo ilikuwa Jumamosi iliyokuwa inakuja.

* * *

Stoo ilikuwa na joto. Pipa kubwa lilisimama kwenye pembe, limefunikwa blanketi kuukuu, na ndani yake kitu kilikuwa kinachemka polepole.

"Umeshapika," Idah alisema.

"Ningengoja nini? Asali ilikuwa imefika, na nusu yake nimeshalipa watu wa Yatta. Pombe inataka siku zake. Na wewe hukuwa hapa."

"Uliliosha na nini?"

"Niliosha vizuri. Omo. Halafu nikamwaga Jik, chupa mzima."

Idah alifunua blanketi.

Povu la muratina nzuri huwa jeupe, na huinuka na kushuka kama kitu kinachopumua usingizini. Hili lilikuwa la rangi ya kahawia iliyochafuka, na kati ya viputo kulikuwa na macho ya mafuta, madogo, ya kung'aa, yanayogongana na kuungana. Matunda ya muratina ya kuchachushia yaliyoelea yalikuwa yamevaa ute. Harufu ya asali ilikuwepo, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi. Ilikuwa juu, tamu, na chini yake ulikuwa uvundo wa nyama iliyooza, na chini kabisa ukali wa Jik uliokwaruza koo. Idah alipitisha kidole kwenye ukingo wa ndani. Kidole kilirudi na kitu laini kama nta. Alikitazama, akakifuta ukutani, akakifuta tena kwenye mlango, na bado alihisi kiko pale.

"Funza wamekuwa wakiishi humu," alisema.

"Walikuwa. Niliwatoa."

"Mafuta imeingia kwa mbao. Huoni inatoka? Unataka wazee wa watu wakunywe hii?"

"Mama Jackie, pombe inaua kila kitu. Hata hospitalini wanapaka spirit."

"Inanuka."

"Hainuki. Ni wewe unanusa ile ya huko nje."

"Gerishon, inanuka."

Idah alipomwita kwa jina, Gerishon alijua hasira imempanda mkewe. Alichukua pembe ya ng'ombe iliyoning'inia ukutani, ile ambayo baba yake alionjea, akaisukuma ndani ya povu, akaijaza. Alikunywa yote kwa mkupuo mmoja, macho yakimtazama mkewe juu ya ukingo. Kamba ya ute ilibaki imening'inia kwenye ndevu zake. Aliifuta kwa mgongo wa mkono.

"Umeona?" alisema. "Niko sawa. Tamu kabisa."

Idah alitoka nje na kutapika kando ya mlango.

* * *

Asubuhi Gerishon hakuwa kitandani. Alikuwa chooni, na alikaa huko. Kila alipojaribu kurudi alifika kwenye kamba ya nguo, akashika tumbo, akageuka mbio. Sauti zilizotoka nyuma ya mabati zilimfanya ng'ombe asimamishe masikio.

Idah alimpelekea maji yenye chumvi na sukari, akayaweka nje ya mlango wa choo.

"Ni ile?" aliuliza.

"Ni ndizi zako za Mwiki," Gerishon alijibu kutoka ndani.

Idah alichukua mitungi akaenda kwa Amida. Amida alikuwa mjane Mwislamu aliyekuwa na tangi la maji kando ya barabara, na mandazi kwenye ndoo ya plastiki. Ndiye jirani pekee aliyemuuzia Idah maji ya kuosha mapipa bila kumsengenya. "Mimi nauza maji," alizoea kusema. "Unachofanya nayo ni kati yako na Mungu."

Leo hakujaza mtungi mara moja. "Nadhani hata barabarani inasikika," alisema. "Mzee ako sawa?"

Idah alimwambia yote. Hakuwa amekusudia. Alimwambia kuhusu funza, na Jik, na macho ya mafuta, na vikombe vya kanisa. Amida alisikiliza akiwa ameshika bomba.

"Sasa hiyo kitu inaenda wapi?"

"Thika, Jumamosi. Babu ya msichana ndiye anakunywa wa kwanza. Nasikia ni mzee sana."

"Na wewe unangoja nini hapa kwangu?"

"Nikiimwaga, Gerishon amekwisha. Nani atamwagizia tena? Na mzee Kinuthia alisema atanirudisha."

"Basi mwambie mwenyewe. Ni mali yake, ni wakwe wake. Mtu akiambiwa ukweli hawezi kuipeleka."

Hilo lilimtosha Idah. Njia nzima hadi Ruiru alilirudia kichwani: akiambiwa ukweli hawezi kuipeleka. Angekasirika, bila shaka. Angemtukana Gerishon. Lakini angeisogeza siku, pipa dogo lingeoshwa, na kila kitu kingeanzwa upya. Alikuwa amevaa nguo ya Jumapili. Alikuwa ameoga kwa ndimu, na bado kila alipoinua mkono kusukuma nywele aliona kama kidole kile kinanuka.

* * *

Mzee Kinuthia alikuwa nyuma ya kaunta ya duka lake, kati ya makopo ya rangi na misumari, anakula chakula cha mchana. Ilikuwa matumbo na chapati. Alimwonyesha Idah kiti kwa kiwiko kwa sababu vidole vilikuwa na mchuzi.

"Mama, habari ya Ngoliba? Kazi yetu iko tayari?"

"Ndiyo imenileta, mzee. Kazi imeharibika."

Aliendelea kutafuna. Idah alizungumza akiwa ameinamisha kichwa, kwa sauti ya chini ili kijana aliyekuwa anapima waya mlangoni asisikie. Alisema pipa liliwekwa mabaki ya nguruwe. Alisema lilikuwa na funza. Alisema mbao zimekunywa mafuta yaliyooza, na pombe imeyatoa.

"Ulionja?"

"Mimi sinywi, mzee. Mume wangu alikunywa. Yuko chooni tangu asubuhi."

Kinuthia alichana chapati, akaipitisha kwenye mchuzi, akaokota kipande cha utumbo kilichokuwa na nywele nywele zake za kijivu. Idah aligeuza macho.

"Wageni wameshaalikwa," alisema. "Hema imelipwa. Watu wanatoka hadi Nakuru. Unajua aibu ya kusogeza ruracio?"

"Najua, mzee. Ndiyo nikakuja mapema. Kuna pipa dogo, nikipata siku…"

"Mkiichuja na kitambaa, hayo mafuta hayabaki?"

Idah alidhani hajasikia vizuri. "Mzee?"

"Mchuje. Muongeze asali, ile nyeusi, iwe na nguvu. Watu wakiwa na furaha hawanusi." Alilamba kidole gumba. "Wazee wa upande ule wamekunywa mambo mabaya kuliko hiyo. Wengine ni walevi tu. Tumbo likiwauma usiku, watasema ni nyama."

"Babu ya msichana…"

"Mama. Mimi sinywi. Bibi yangu hanywi. Hakuna mtu wangu ataguza hiyo kitu." Alisema hivyo kwa upole, kama mtu anayemfariji. "Sasa wewe unalia nini?"

Kijana wa waya alikuwa ameacha kupima. Kinuthia alimtupia jicho, naye akaendelea.

"Eddie atakuja na pickup Ijumaa saa sita. Na Jumapili upitie kwa vestry ya kanisa, tuone hiyo mambo ya vikombe." Alinyoosha mkono wenye mchuzi kutafuta karatasi ya kujipangusia. "Umefanya vizuri kuniambia. Nimesikia. Sasa usiambie mtu mwingine."

Nje, kwenye kelele za Ruiru, Idah alisimama karibu na mtaro uliojaa maji meusi na chupa. Harufu ya mtaro ilimpanda puani na hakusogea. Alijaribu kutafuta hasira ndani yake, hakuipata. Alichokuwa nacho kilikuwa kile kile alichohisi nyuma ya zizi, alipoona uji unatembea.

* * *

Aliporudi Ngoliba jua lilikuwa bado liko juu. Alivua nguo ya Jumapili, akavaa ya kazi, akafunga pua kwa kitambaa. Alichimba shimo nyuma ya zizi, palepale penye uchafu wa Mwas, akausukuma ndani kwanza. Kuku walimfuata wakilalamika. Halafu aliingia stoo na ndoo.

Pipa lilikuwa zito mno kuliangusha. Alichota. Ndoo ya kwanza ilipogonga shimo, nzi waliinuka kama blanketi lililokung'utwa. Kadiri alivyochota kwenda chini ndivyo pombe ilivyokuwa nzito zaidi, hadi ikawa anachota kitu kati ya pombe na makohozi.

Gerishon alisikia. Alitoka chooni ameshika ukuta, macho yameingia ndani, suruali ameifunga kwa kamba.

"Unamwaga nini?"

"Unajua."

"Wacha! Idah, wacha! Unaniua!"

Alikamata ndoo kwa mikono miwili. Hakuwa na nguvu, lakini alikuwa na hofu, na walivutana kama watoto wanaogombania mwanasesere. Ndoo iliyumba. Nusu yake iliruka na kuwamwagikia wote wawili kuanzia kifuani. Ilikuwa ya uvuguvugu. Ilimtiririka Gerishon shingoni na kuingia ndani ya shati, na kipande cha tunda la muratina kilinata kwenye shavu lake.

Alisimama hivyo. Alivuta pumzi mara moja, kwa pua, akiwa hana la kufanya. Kisha akaanguka magoti na kutapika maji matupu, akatapika mpaka hakikubaki kitu, na bado mwili wake uliendelea kujaribu.

"Mzee Kinuthia anajua," Idah alimwambia alipotulia. "Nimetoka kwake. Amesema tuchuje, tuwapelekee."

Gerishon hakuinua kichwa. "Sasa si ni yeye mwenyewe amesema?" alisema kwa sauti ndogo. "Si angebeba dhambi yake? Sisi tulikuwa na shida gani?"

Idah alimtazama mumewe aliye chini, na kwa muda mfupi alimchukia kuliko alivyomchukia Kinuthia. Aliokota ndoo, akarudi ndani kuchota.

* * *

Eddie alikuja Ijumaa kama ilivyosemwa. Alikuwa kijana mnene, mpole, mwenye saa kubwa, na alikuwa na furaha ya mtu anayeoa anayempenda. Aligeuza pickup hadi mlangoni mwa stoo.

"Sasa mathe. Tupakie?"

"Hakuna ya kupakia," Idah alisema. "Njoo uone."

Alimpeleka kwenye pipa tupu. Ingawa lilikuwa limesuuzwa, joto la stoo lilikuwa limevuta mafuta kutoka ndani ya mbao, nayo yalitiririka kwa ndani kama jasho. Eddie aliinama kuangalia, akaruka nyuma na mkono mdomoni. Idah alimweleza, kwa maneno machache. Amida alikuwa ameleta mtungi wa maji na alisimama palepale, hakujifanya anaondoka.

"Wee, na hatukuambiwa?" Eddie alisema. "Ruracio ni kesho! Si mngesema?"

"Nilisema. Nilimwambia baba yako Jumatano, dukani."

"Aki mathe, usiweke baba yangu kwa hii story."

"Muulize."

Alimpigia simu na kuiweka loudspeaker, labda kwa kutaka kumwonyesha. Sauti ya Kinuthia ilijaa stoo. "Umepakia?"

"Dad, wamemwaga. Wanasema ilikuwa imeoza. Wanasema ulijua."

Zilisikika kelele za duka, halafu sauti ikarudi, kali. "Huyo mwanamke ni mjinga! Nilimwambia achuje! Imemwagwa yote? Angalia chini ya pipa. Hata kama ni galoni mbili, leta, tutaongeza maji na asali."

Eddie aliangalia chini ya pipa. Aliangalia kweli, kwa mazoea ya kumtii baba yake, na alipogundua anachofanya aliinua kichwa polepole. Amida alikuwa anamtazama.

"Dad," alisema, "guka yake Nyokabi ndiye angekunywa wa kwanza. Ako na presha."

"Wewe unataka kuoa ama hutaki?"

Eddie alikata simu. Alikaa kwenye ukingo wa pickup muda mrefu, akigeuza funguo. Hakumshukuru Idah, wala hakumlaumu. Mwishowe alienda shimoni akalitazama, akarudi, akaendesha gari na kwenda zake.

* * *

Ruracio ilivunjika. Habari zilifika Ngoliba kabla ya wenyewe kurudi. Kinuthia alikuwa amebeba kreti za soda na chupa za dukani, na wazee wa Thika wakazitazama, wakakunja mikono, wakamwambia arudi atakapokuwa tayari. Wageni wa Nakuru walikula wali baridi wakarudi kwao. Siku nyingine iliwekwa, na ilisemekana Eddie mwenyewe ndiye aliyeiomba, na kwamba hakusema na baba yake kwenye gari njia nzima.

Jumapili Kinuthia alisimama kanisani na kuomba kwa uchungu kuhusu wivu. Alimwomba Mungu awasamehe wale wanaoharibia vijana baraka zao kwa sababu wametolewa kwenye huduma. Idah alikuwa kwenye benchi la nyuma. Alivumilia mpaka Kinuthia alipofika kwenye "mikono safi," akasimama, akatoka na viatu vyake vikigonga sakafu, na hakurudi ndani. Vikombe aliviona kupitia dirishani, kwenye sinia, vina alama za vidole.

Mwas alikuja kulichukua pipa kubwa. Idah ndiye aliyemwita. "Ni lako," alimwambia. "Milele."

"Serious, shem? Bure?" Mwas alifurahi waziwazi. Aliliviringisha barabarani akipiga mluzi, na mbwa wa watu wakatoka kulifuata.

Ndani ya nyumba hawakuzungumza. Idah alipika, akaweka sahani mezani, akala nje. Gerishon alikuwa amekonda, na watu wawili walikuwa wamepiga simu kufuta kazi zao. Hakumlaumu tena mkewe kwa mdomo. Lakini alikuwa na tabia ya kushusha pumzi, na kila aliposhusha Idah alitamani kumrushia mwiko. Usingizini alimpa mgongo. Bado alikuwa anaona ile kamba ya ute kwenye ndevu.

Asubuhi moja alisikia kitu kinaburutwa. Gerishon alikuwa ametoa pipa dogo stoo na kulileta kwenye kivuli cha nyumba. Lilikuwa halijaguswa tangu pombe ya mwisho, iliyotoka Idah akiwa Mwiki. Alipofungua kifuniko, ukungu mweusi wenye manyoya ulikuwa umepanda hadi katikati, na masalia chini yalikuwa yamegeuka siki.

Aliwasha moto mwenyewe. Alienda kwa Amida na mitungi, akarudi, akaenda tena. Alisuuza, akamimina maji ya moto na magadi, akaingiza mabega ndani na brashi ya makonge. Idah aliketi kwenye ngazi akichambua maharagwe. Maji yaliyomwagwa yalikuwa meusi, kisha ya kahawia, kisha ya rangi ya chai. Gerishon alikuwa analowa jasho, na mara mbili alitoka nje ya pipa ameziba mdomo, macho yanamtoka machozi, akasimama mbali kidogo, akarudi.

Jua lilipofika utosini alitupa brashi chini. Alikaa kwenye mtungi uliopinduliwa, mikono imechunika kwa magadi.

"Nimemaliza," alisema. Hayo yalikuwa maneno ya kwanza siku hiyo.

"Weka kichwa ndani," Idah alisema.

"Nini?"

"Weka kichwa ndani, unuse."

Alimtazama kuona kama anamdhihaki. Kisha aliinuka, akashika ukingo kwa mikono yote, akazamisha kichwa mpaka shingoni. Alikaa humo muda. Mgongo wake ulipanda na kushuka mara kadhaa.

"Unasikia nini?"

Sauti yake ilitoka ndani ya mbao, nzito. Angeweza kusema lolote. Hapakuwa na mteja, na Idah hakuwa ameinuka kwenye ngazi.

"Bado inanuka," alisema.

Idah aliweka sinia ya maharagwe chini, akachukua mitungi, akaenda kwa Amida kuleta maji mengine.